Kupekuliwa sawa, ila mkate wa ufuta umekosa nini?

Mie kupekuliwa sina tabu nako, naliweka hili mbele kabisa nisije nikafahamika vibaya. Sie watu wa visiwani, Zanzibar, tushazoea, ukipanda boti ya Dar begi lako linapita kwenye skana pale bandarini Malindi, ukenda uwanja wa ndege unavua mpaka mkanda, hoteli nyengine za shamba huko ukifika getini wanakwambia fungua buti ya gari. Wakague tu. Kiwanja cha mapembea kimejaa watoto wa watu sikukuu ya Idi, tena nusu yao wamepotezana na mama zao, mie kama mzazi nataka wakague na wakague vizuri. Kinachonikera ni chengine na ntakifikia, ila hamtokifahamu mpaka kwanza niwape habari ya mkoba wa Bibi.

Ilikuwa sikukuu pili. Wa huku mnajua Idi yetu haimaliziki siku moja, mosi ni ya kusali na kuzungukia wazee, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wanadai sikukuu zao, jioni Mnazi Mmoja mpaka miguu iote moto, halafu ikifika pili ndo wanaanza kelele za kutaka mapembea makubwa na vile vigari vya kugongana. Na mwaka huu tulikuwa na wageni, mtoto wa ami yangu kaja na wanawe kutoka Marekani, anakaa Florida si mbali sana na Orlando, huko kwenye Disney yenyewe, kwa hiyo wanawe mapembea wameyaona ya kila aina na wangu walikuwa na hamu ya kuwaonesha kuwa na sie tunayo. Tukajipanga kwenye Noah ya kukodi, mie na baba watoto na wanangu, yeye na wake, wifi yangu na kichanga chake, na Bibi. Bibi hakualikwa na mtu. Tumetoka nje tumemkuta kashavaa buibui, kashakaa kiti cha mbele, mkoba wake wa ukili uko mapajani, anamuuliza dereva mbona tunachelewa.

Chakula tulipika toka alfajiri. Mkate wa ufuta, mishikaki, kachori, visheti vilivyobaki vya jana, halua ya Wete aliyoletewa Bibi, na dumu la maji ya ukwaju lilolala na barafu. Mahotipoti matatu makubwa. Kwa sababu ndo utaratibu wetu, huendi popote na watoto tumbo tupu, na mtu mzima hali chakula cha kununua wakati kwake kuna mishikaki.

Kiwanja sikitaji jina. Kimo nje kidogo ya mji, kizuri, kisafi, watu wamejaa. Getini mistari miwili, wanaume huku na wanawake kule. Sasa angalieni jambo hili maana mie sikuwahi kulitia akilini mpaka siku ile: mstari wa wanaume unakwenda mbio kwa sababu hawana kitu. Anapitishwa kile kifimbo cha kugundua chuma mbele na nyuma, kinalia pii kwenye funguo, anazionesha, pita. Mume wangu aliingia na simu na funguo, keshasimama ndani ananipungia mkono, na mie huku nna begi la pampasi, begi la nguo za kubadilisha, hotipoti, dumu, kigari cha kichanga, mwavuli, watoto saba na Bibi. Familia nzima mizigo yake iko upande wa wanawake halafu wanashangaa kwa nini foleni yetu haitembei! Weka meza mbili upande wetu, moja kule, hilo tu halihitaji bajeti.

Meza yenyewe nyuma yake kakaa binti mdogo, fulana ya ulinzi juu ya buibui, glavu mikononi, na pembeni kuna kibanda cha pazia ambacho ndani yake mna mama wa makamo anayepapasa wanawake. Pazia wameweka zuri, nene, hakuna mtu wa kukuchungulia, kwa hilo wapewe haki yao. Na binti adabu anazo. "Shikamoo bibi yangu, samahani, naomba niangalie mkoba." Bibi kaitika marahaba mwanangu, kauweka mezani mwenyewe.

Basi vikaanza kutoka. Tasbihi. Kopo la Vicks. Limau mbili za kichefuchefu cha gari. Risiti za umeme, sijui za mwaka gani. Betri za redio. Sindano ya cherehani na uzi wake imechomekwa kwenye bitana ya mkoba, binti kaigundua kwa kidole, maskini, kwa bahati glavu ilikuwa nzito. Mfuko wa plastiki uliokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mwengine, mifuko hiyo bara wamepiga marufuku toka 1 Juni 2019 na sie huku tuliwatangulia zamani, lakini Bibi anayo akiba. Kichupa cha mafuta ya karafuu cha kutia kwenye magego. Kisu kidogo cha kumenyea machungwa, kimeviringishwa kwenye pande la khanga.

Halafu kikatoka kikopo cha bati, kifuniko kimeliwa na kutu pembeni. Binti kakifungua. Ndani kitu cheupe pe, kizito, kimeganda kama uji wa jana. Kanusa. Kamwangalia Bibi. Kanusa tena.

"Hii nini bibi?"

"Chokaa."

"Chokaa ya kazi gani?"

"Ya kulia."

Foleni nzima kimya. Nyuma yangu mama mmoja kasema pole pole, yaani kwa ile sauti ya pole pole inayosikika mpaka Bububu, "unga huo". Mtoto wa ami yangu kanishika mkono, yeye kakulia huko, anaona hapa sasa tunachukuliwa sote. Na Bibi katulia, anamwangalia binti kwa huruma kabisa, kwamba mtoto wa kike wa Unguja hajui chokaa.

Kumbe yule mama wa kibandani kasikia. Kafunua pazia, kachungulia kikopo, uso wote ukafunguka. "Ah, tambuu hiyo! Popoo iko wapi, bi mkubwa?" Bibi popoo anayo, na jani la tambuu analo, yako kwenye kibindo, hayakaguliwi hayo. Wallahi ukaguzi ulisimama. Mama wa ulinzi kachukua jani, kalipangusa, kapaka chokaa kwa ncha ya kidole, Bibi kamkatia popoo kwa kile kikato chake cha chuma, vipande vyembamba, kakunja, kaweka shavuni. Akatafuna kidogo. Halafu kwa sauti ya kazi kabisa akamwambia binti, "Tambuu ipite. Kikato kibaki, na kisu kibaki."

Na vikabaki kwa utaratibu mzuri, kila kitu kimefungwa kikaratasi cha namba kwa mpira na wewe unapewa nusu yake. Kichupa cha mafuta ya karafuu waliacha. Bibi ndo akawauliza, "Na hii hamuichukui?" akacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika.

Sisi wadogo hatukufahamu, tukaelezwa baadae. Bibi kazaliwa Pemba, na kwa mtu wa Pemba wa umri wake kupekuliwa maana yake ni karafuu. Karafuu huku unauza kwa shirika la serikali tu, ZSTC, na miaka mingi bei upande wa Kenya ilikuwa nzuri zaidi, kwa hiyo watu wakiivusha usiku kwa mashua, na magendo ya karafuu hayakuwa mchezo, adhabu zake zilikuwa nzito za kutisha. Bandarini ndo usiseme. Bibi anasema pale bandari ya Mkoani, Pemba, ukitaka kupanda meli gunia lako la muhogo lilikuwa linamwagwa chini lote, na mto wa kulalia wa mtoto unabonyezwa, na hakuna wa kukwambia shikamoo wala samahani, baadae unakusanya muhogo wako na meli inapiga honi. "Leo wananitolea kimoja kimoja na kunirejeshea kimoja kimoja," anasema, "mie nikasirike nini?" Kwa hiyo katika sisi sote aliyekuwa na roho safi pale getini ni yeye.

Aliyelia ni mwanangu wa kati. Huyu sikukuu mosi hela zake zote alinunulia bastola pale Mnazi Mmoja, nyeusi, ya plastiki, ukibonyeza inapiga kelele na inawaka taa nyekundu, zile zile ambazo kila mtoto wa kiume mjini kashika. Binti kamwambia bastola haziingii. Pembeni ya meza kuna boksi kubwa la biskuti limejaa bastola mpaka juu. Kilio chake kilisikika kuliko honi za vigari. Mimi nilitaka kubisha kidogo, sikukuu bwana, lakini mtoto wa ami yangu kaniwahi, kasema dada acha, kwetu pia hivyo hivyo, Disney World toka Disemba 2015 bunduki za kuchezea haziingii hata kama ni za maji, na wenyewe waliokuwa wakiziuza ndani wakaacha kuziuza, na mwezi huo huo ndo wakaweka zile mashine za kupitia watu. Hata mavazi ya kujigeuza, mtu akishafika miaka 14 haruhusiwi kuja kavaa vile wala kuficha uso. Ukifikiri ni kweli. Kwenye msongamano ule mtu mzima akiona kitu cheusi kimenyooshwa hatongoja kujua kama kinatoa risasi au taa. Nikamwambia mwanangu weka ndani ya boksi. Kaweka, kwa matusi ya chini chini ambayo nilijifanya sikuyasikia.

Mpaka hapo mie nimeridhika. Kisu, kikato, bastola, vyote vina sababu na sababu inaonekana kwa macho.

Halafu wakafika kwenye mahotipoti. Binti hata hakufungua. Kasema, "Vyakula vya nje haviruhusiwi." Nikamuuliza kwa nini. Kasema, "Kwa sababu za kiusalama." Nikamwambia, "Mwanangu, huu mkate wa ufuta." Kaangalia chini. Na maji? Maji pia. Chupa ya maji ya mtoto wa miaka mitano, imechorwa paka, haiingii, maziwa ya kichanga tu ndo yanapita. Ndani maji ya nusu lita yanauzwa karibu mara tatu ya bei ya dukani, nimeyaona kwa macho yangu.

Hapa ndo penye ugomvi wangu. Usalama gani wa kachori? Kama umeniangalia hotipoti ukaona hamna kisu, ushamaliza kazi ya usalama, kinachobaki hapo ni biashara, na biashara mie siikatai. Mtu kakodi kiwanja, analipa umeme, kapangisha vibanda vya chipsi na wenye vibanda nao wanamlipa, hataki nije na mishikaki yangu niwanyime wateja. Sawa. Niambie hivyo. Niandikie kwenye lile bango kubwa la sikukuu mlilolibandika mpaka Darajani, lenye picha ya pembea na bei ya kiingilio, weka mstari mmoja tu "chakula na maji haviingii", nikae nyumbani nijue la kufanya. Lakini kuniacha nikapika toka alfajiri, nikafika na mzigo mpaka mezani kwa yule binti, halafu yeye asiyehusika ndo asemeshwe uongo wa usalama, hilo si sawa kwangu wala kwake.

Mtoto wa ami yangu alishangaa kwelikweli. Kasema hao Wamarekani unaowaona, hakuna watu duniani wanaojua kukutoa pesa kama wao, maji na soda za ndani ya Disney bei yake ukiambiwa unakaa chini, lakini ukija na chakula chako unaingia nacho. Alimradi si kitu cha kutaka kupashwa moto, na kisiwe kwenye kioo, kioo hapana, isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha watoto wachanga. Pombe hapana, viti vya kukunja hapana, na begi lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Yote hayo wameyaandika, unayasoma wiki kabla ukiwa kitandani kwako. Na toka 2020 kuna mashine mpya, unapita nayo begi likiwa begani, hutoi kitu mfukoni, ikishuku kitu inamuonesha askari kwenye skrini ni sehemu gani ya mwili au begi, anakuita wewe peke yako pembeni, wengine wanaendelea. Anasema wenye uzoefu mwavuli na kikasha cha miwani wanavitoa kabisa na kuvishika mkononi kwa mbele maana vile vyuma vyake ndo vinavyoishtua mashine. Sisemi na sie tuweke mashine hizo, najua pesa yake si ndogo, lakini kuandika mstari mmoja kwenye bango hakutaki mashine.

Basi tungefanyaje. Kurudi nyumbani haiwezekani, kutupa chakula astaghfirullah. Tukatoka kwenye foleni, dereva katoa mkeka kwenye Noah, tukatandika chini ya mwembe nje ya geti tukaanza kula pale pale, saa tano asubuhi. Na hatukuwa peke yetu! Familia ya pili ikaja na biriani, ya tatu na samaki wa kupaka, zote zimerudishwa, tukawa tunapakuliana na watu tusiowajua, watoto wanazunguka, mama wa kibandani kaletewa mishikaki yake na binti kaletewa yake, wakala nyuma ya pazia. Kwa kweli nje palinoga kuliko ndani. Mwenye tabu alikuwa baba watoto, keshaingia, mkono keshapigwa muhuri, akitoka halipo la kurudi bila ya tiketi mpya. Kaja mpaka kwenye wavu wa uzio kasimama tu anatuangalia, harufu inampata. Mishikaki ikapita kwenye matundu ya wavu mmoja mmoja, kachori zikapita, mkate wa ufuta nao ulikunjwa ukapita. Chakula cha nje kikaingia ndani, na usalama wa nchi uko vile vile.

Kwa anayekwenda sikukuu ijayo, mambo machache niliyojifunza kwa tabu. Mizigo igawe, kila mwanamme apewe begi lake na apite nalo upande wake, msiwaachie waende mikono mitupu kama wageni rasmi. Dawa za mgonjwa ziwe kwenye boksi lake lenye jina, hasa mwenye sindano za sukari, ili usianze kujieleza mbele ya watu. Pampasi na nguo ziwe juu kabisa ya begi, mkaguzi akifungua akaona pampasi mara nyingi anafunga. Sindano na mikasi ya kushonea acheni nyumbani. Kama kuna mzee, mkoba wake uuangalie usiku wa jana kwa adabu, na ukishindwa kuuangalia, kama mie nitakavyoshindwa siku zote, muweke wa mwisho kwenye foleni ili asizuie watu. Na mpigieni simu mwenye kiwanja mapema mumuulize chakula kinaingia au hakiingii, mumuulize kinaganaga, asikwambieni "kwa sababu za kiusalama".

Ndani palikuwa pazuri, sina la kusema, watoto waligongana na vigari mpaka wakachoka, wageni wetu wa Marekani walipanda pembea ile ile mara sijui ngapi na kutuambia ni nzuri kuliko za kwao, adabu tu hiyo lakini wangu walivimba vichwa. Bibi alikaa kivulini na mama mwengine wa tambuu aliyemuokota huko huko ndani, jani wanalo, popoo wanayo, tabu ilikuwa kikato maana kiko getini, wakaivunja popoo kwa jiwe.

Kutoka magharibi ndo ikawa kazi. Kikato na kisu vilipatikana kwa namba, dakika moja. Bastola hazikuwa na namba. Boksi zima ni bastola nyeusi za plastiki za duka moja, na watoto wamelizunguka, kila mmoja anasema ile yangu. Yule binti maskini kachoka toka asubuhi, akawa anatoa moja moja anabonyeza, inalia, anauliza ya nani, mikono kumi juu. Mwanangu kanyoosha mkono kwa ile iliyowaka taa vizuri kuliko zote, kapewa, kaikumbatia, katembea haraka kuelekea kwenye Noah. Ya kwake taa ilikuwa imekufa toka jana usiku, nnajua kwa sababu mie ndo niliyembadilishia betri za redio za Bibi na haikuwaka. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona foleni ilivyo nyuma yangu, nikaufunga, nikamfuata.